Hariri ya Mama Zuena

Nyumba tuliyokaa kule Kasulu, kabla hatujarudi Burundi, ilikuwa na paa la nyasi lililochoka, na mvua ikianza mama alituingiza watoto wote chini ya meza. Meza yenyewe baba aliiunda kwa mbao za makasha ya sabuni, mguu mmoja mfupi umeongezewa kipande cha tofali. Humo chini tulikuwa sisi, debe la unga, na kuku mmoja aliyekuwa analalia mayai na hakutaka mchezo, kwa hiyo ulikaa umekunja miguu, ukisahau anakudonoa. Baba na mama walibaki huko nje ya meza, wanahamahama na mkeka wao kukimbia matone. Na walikuwa wanacheka. Mpaka leo sijui mtu ambaye paa lake linavuja anacheka nini, lakini sauti ya mama naisikia: "Sogea bwana, umekalia kavu yangu." Na baba: "Kavu yako iko kule kwa kuku." Basi wanacheka tena, sisi chini tunacheka bila kujua, kuku anakasirika.

Tangu siku zile mimi nikiingia nyumba ya mtu macho yanakwenda kwenye meza kabla hayajakwenda kwa watu. Mwingine anaangalia picha ukutani, mwingine anaangalia kama kuna dalili ya chakula. Mimi meza. Nimeona za baa, zinanata. Ya padri mmoja ilikuwa na kioo juu, nikaogopa hata kuweka kiwiko. Ya mkwe wangu inayumba hadi leo ingawa yeye mwenyewe ni seremala, na nimemwambia, na hasikii. Lakini meza niliyoijua kuliko zote ilikuwa ya Mama Zuena, Musinzira, mjini Gitega, na nilidhani ilishageuka kuni zamani. Kumbe wapi. Juzi tulipokwenda Muyinga kumzika Mama Zuena, ambaye uzeeni alihamia huko kwa binti yake, niliikuta uani chini ya turubai, imebeba birika za chai ya waliokuja msibani. Wajukuu wa marehemu walikuwa wanabishana juu yake. Mmoja anasema ikatwe katikati, itoke mabenchi mawili. Mwingine anasema itupwe, imeliwa na mchwa. Zuena, ambaye siku hizi ana wajukuu na magoti yanamsumbua kama yangu, akawaambia kutoka kwenye mkeka wake: "Muulizeni kwanza mzee Gaspari. Huyu ndiye alikatia hariri hapo juu." Wakauliza, "Hariri gani?" Nikaanza kuwaeleza, na mimi nikianza nachukua njia ndefu, chai ikapoa, wakaondoka mmoja mmoja na simu zao. Ndiyo maana nimeona niandike. Karatasi haiondoki.

Mwaka huo nilikuwa kijana wa kunyoa ndevu mara moja moja tu. Baba alikuwa na shamba Mwakiro, upande wa Muyinga, maharagwe na muhogo na migomba kidogo, na mimi ndiye mwanaume wa kwanza, kwa hiyo kila mtu alijua jembe langu liko wapi. Lakini mimi kule Tanzania nilikuwa nimeona cherehani ikienda, na ule mlio wake ulinikaa kichwani. Nilimsumbua baba mpaka akachoka. Akasema sawa, nenda Gitega, kuna mjane wa fundi anafundisha, nakupa mwaka mmoja. "Mwanaume kukaa siku nzima anatikisa mguu," alisema, maana kwa baba kazi ya fundi ilikuwa ni kutikisa mguu, mkono hakuuona. "Tikisa. Mwaka ukiisha nakuja mwenyewe. Nikikuta kuna nguo umeshona, mtu mzima ameivaa mbele za watu na hakuaibika, tutaongea. Nikikosa, unafunga kifurushi, tunarudi Mwakiro, na sitaki tena kusikia habari ya cherehani." Hakusema kwa ukali. Baba hakuwa mkali, alikuwa na shamba kubwa na mikono michache.

Nyumba ya Mama Zuena ilikuwa na vyumba vitatu na baraza. Barazani ndipo palikuwa na cherehani mbili, ya marehemu mumewe na yake. Mimi nililala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya vipande vya nguo, na sijawahi kulala vizuri kama pale, niwe mkweli, hata baada ya kuoa. Sebuleni ilikuwa meza, ndefu, nyeusi kwa mafuta ya mikono, na ilifanya kazi zote: asubuhi inakatiwa nguo, mchana inapigiwa pasi, jioni tunaifuta tunakula. Mara nyingi tulikuta nyuzi kwenye mboga ya lengalenga. Mama Zuena alikuwa Mwislamu wa mjini, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na mimi Mkatoliki wa shambani, na jambo hilo lilitusumbua Ramadhani tu, maana alinipikia mchana ndizi na maharagwe wakati yeye amefunga, halafu anasimama mlangoni kuhakikisha namaliza. "Kula, mwanangu. Mi nafunga, we hujafunga. Usinitazame kama umeniibia."

Tatizo langu lilikuwa hili: hakuna mtu mzima aliyenipa nguo. Nilishona sare za shule, mapazia, mifuko ya suruali iliyotoboka. Watu wazima walipokuja barazani walisema, "Hapana, si huyo kijana, mwenyewe yuko wapi?" Miezi ikawa inakwenda. Kila nikisikia mlio wa lori la kutoka Muyinga nilihesabu kwamba siku moja baba atashuka humo.

Halafu Zuena akachumbiwa. Watu wengine, nikifika hapa kwenye habari, wananiangalia kwa jicho la kuuliza. Hapana. Zuena nilimpenda kama dada, na yeye alinicheka mno, hakuacha nafasi ya kumpenda namna nyingine. Bwana wake alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Muyinga, wale wanaokwenda na kurudi Tanzania, na kwa desturi yao upande wa mume unaleta kitambaa cha mama wa binti. Mama anatakiwa kukivaa siku ya kumtoa mwanawe, wakwe wakione mwilini. Asipokivaa, amewatukana. Wakavileta vitambaa, na cha mama kilikuwa hariri. Zambarau iliyokolea, kama ganda la mbilingani. Tuliifungua pale mezani ikateleza yenyewe ikaanguka chini, kama kitu hai kinachotoroka. Mama Zuena akakaa kwenye kiti. "Bon," akasema. "Sasa nani atashona?"

Mimi nikamwangalia yeye, fundi wa mtaa mzima. Akatikisa kichwa. Kwao, mama hajishonei nguo ya kumtoa binti. Akitia sindano mwenyewe ni kama anamshona mtoto abaki nyumbani, na huyo mtoto atarudi na sanduku lake mwaka haujaisha. Mama yake hakufanya hivyo, bibi yake hakufanya. Wala kufundisha juu ya kitambaa hicho hakuruhusiwa. Nikasema basi tukipeleke sokoni kwa mafundi. Akaruka. "Sokoni? Hariri hii? Watakata kipande kama mkono, wamshonee kahaba skafu, na mi nibaki nimevaa gauni ya mtoto wa ekaristi. Hapana. Itashonewa hapa ndani." Akaniangalia muda mrefu. "Baba yako iko anakuja lini?"

"Maharagwe yakishavunwa, Mama Zuena."

"Ndoa iko wiki hiyohiyo. Bon. Mwambie aje siku ya sherehe. Akule, aone." Akainuka, akaweka mkasi mbele yangu, akakunja mikono kifuani. "Mi sigusi. Mi sisemi."

Hakugusa, hiyo ni kweli. Lakini kutosema lilikuwa jambo lililomshinda. Siku ya kwanza tu, nimeshika kitambaa natafuta uso wake uko wapi, nikasikia sauti kutoka jikoni: "We sufuria! Kabla ya kukata, nyoosha kwanza. Kitambaa yenye mikunjo inadanganya kipimo." Nikachungulia. Alikuwa ameinama juu ya sufuria ya dagaa wa ndagala, anaiongelesha kwa heshima zote. Zuena akaziba mdomo kwa kanga. Tangu hapo sufuria ndiyo ikawa mwanafunzi wake, mimi nikawa nasikilizia.

Siku iliyofuata Mama Zuena alikwenda sokoni, na mimi nikaamua nimshangaze. Kunyoosha, basi tunanyoosha. Nilitia makaa kwenye pasi, nikatandika blanketi mezani, nikatandaza hariri. Sasa sisi pale barazani kaki na pamba zote tulizinyoosha kwa maji ya mdomo. Unajaza mdomo, unafura mashavu, unapuliza, yanatoka kama ukungu, halafu unapitisha pasi na mvuke unapanda. Kila fundi niliyemjua alifanya hivyo, na mimi nilikuwa na mashavu mazuri kwa kazi hiyo, hata Mama Zuena alinisifu. Nikajaza. Nikapuliza. Nikapitisha pasi kwa wepesi, na nguo ikanyooka, nikaona fahari. Halafu ikapoa, na nikaona. Kila tone lilikuwa limeacha duara, lenye ukingo mweusi, madogo na makubwa, kutoka upindo hadi upindo.

Zuena alikuja, akaangalia, kwa mara ya kwanza hakucheka mara moja. Akasema polepole, "Kaka Gaspari. Umeipiga ndui."

Nilifuta kwa kitambaa kikavu. Nilisugua kwa kidole. Nilipitisha pasi tena, madoa yakazidi kung'aa. Mama Zuena akarudi, akatua kapu mlangoni, akasimama. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alikwenda jikoni moja kwa moja, na nikamsikia: "We sufuria. Wageni ya Muyinga wakifika, mi nitavaa nini? Nivae weye?"  

Nilikaa barazani. Nilikuwa namwona baba. Sikumwona amekasirika, hapana, nilimwona akisema "Haya," kwa ile sauti yake, na kunipokea kifurushi changu anibebee. Niliwaza nikatoroke nisimngoje. Nisiseme uongo, niliwaza. Basi wakati nimekaa hivyo mvua ikaanza, mvua ya mchana ya Gitega ambayo haiulizi mtu. Ua lilikuwa limefagiliwa, udongo mwekundu umelainika. Matone ya kwanza yakapiga, kila moja likaacha duara lake jeusi. Ua zima likawa na ndui. Nikaangalia kwa chuki, kama ninachekwa. Halafu mvua ikashuka yote, na kufumba na kufumbua ua likawa rangi moja. Hakuna duara hata moja. Nikasimama. Kitambaa kikilowa hapa na hapa, doa lina mpaka wake. Kikilowa chote, mpaka utakuwa wapi?

Sikukimbilia kukitosa chote, nilikuwa nimejifunza kidogo. Nilichukua pembe moja, ile yenye upindo wa kiwandani ambayo ingekatwa tu, yenye maduara mawili yaliyokaa vizuri, nikaitia yote kwenye bakuli la maji baridi, nikaikamua kwa kuibana katikati ya taulo, nikaianika kivulini jikoni. Tulikaa watu watatu tunaangalia pembe ya nguo inakauka. Hakuna aliyepika. Ilipokauka, Zuena aliileta dirishani, akaigeuza huku na huku. "Iko wapi ndui?" akauliza. Na mama yake akaiambia sufuria, kwa sauti iliyopasuka kidogo: "Umeona? Mais, leta beseni basi!"

Ni Zuena aliyesema tutie wanga. Kanzu za Idi pale nyumbani zilitiwa maji ya unga wa muhogo yaliyopikwa mepesi, zikikauka zinasimama zenyewe. Akasema kama kitambaa kinateleza, kwa nini kisitiwe mgongo? Basi tukapika, tukachuja kwa kitambaa cha chai, tukapoza, tukailaza humo hariri yote kama mtoto anayeoshwa. Ilipokauka ilikuwa imekakamaa kama karatasi ya daftari, na ile tabia ya kutoroka imekwisha. Ikakaa mezani. Ikangoja mkasi.

Gauni lenyewe lilikuwa jepesi kuliko yote: unakunja kitambaa, unakata shingo, unakata chini ya mikono, unashona ubavu na ubavu, unakunja pindo. Mtoto wa shule anaweza kulichora. Lakini mimi nilijichora msalaba kabla ya kuweka alama, katika nyumba ya Kiislamu, na Mama Zuena akaangalia pembeni. Alama niliweka kwa kipande cha sabuni kavu. Nilipofika shingoni, jikoni ikasikika: "We sufuria, shingo ya mtu si shingo ya ng'ombe. Anza kidogo. Ukikata kubwa utairudisha na nini?" Nikaanza kidogo. Nilitafuta sindano nyembamba kuliko zote kwenye kopo, mpya, kwa maana ile ya kaki ilikuwa na ncha iliyochoka na ingevuta nyuzi. Pini nilizichoma kwenye ukingo tu, mahali ambapo mshono ungezificha, maana hariri ukiitoboa inakumbuka. Ubavu nilishona mara mbili: kwanza kwa nje, nikapunguza, nikageuza, nikashona tena kwa ndani, nyuzi zote zikabaki zimefungiwa humo kama ziko mfukoni. Pindo nilifanya kwa mkono, kando ya mlango penye mwanga, asubuhi kadhaa. Mguu wangu haukutikisika hata kidogo. Nilifikiri, baba angekuwa hapa angeuliza kama leo sifanyi kazi.

Tulipoliosha wanga ukatoka na hariri ikarudi kuwa hariri, ikaning'inia. Nililipiga pasi likiwa bado na unyevu wake lenyewe, kanga katikati, na mdomo wangu nimeufunga. Mama Zuena akalichukua, akaingia chumbani. Alikaa humo sana. Alipotoka alikuwa amelivaa. Alitembea hadi barazani, akarudi, kitambaa kinamfuata kwa nyuma kama maji. Akasimama mbele ya meza akiiangalia tu. Halafu akasema, "Njaa iko inaniuma. Tukule."

Siku ya sherehe baba aliteremka kwenye lori la asubuhi na mfuko wa maharagwe mapya kwa mwenye nyumba, na jembe. Jembe jipya, bila mpini, limefungwa kwa jani la mgomba.  Aliliegemeza ukutani karibu na miguu yake, akakaa penye benchi la mwisho, kofia magotini, amenyoa, shati limefungwa hadi shingoni. Wanawake wa Muyinga walifika na vigelegele, mbele yao shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye miwani. Alimkumbatia Mama Zuena, halafu akafanya kile ambacho Mama Zuena alijua atafanya: aliinama, akashika pindo la gauni, akaligeuza ndani nje. Vigelegele vikanyamaza. Akapandisha miwani. Akafuata mshono wa ubavu kwa kidole mpaka kwapani.

"Hii mmepeleka Bujumbura?"

"Imeshonewa hapa, dada."

"Na nani? Usiniambie we mwenyewe!"

"Astaghafiru! Mi sijagusa, sijasema. Muulize hata sufuria yangu." Zuena, ndani ya shela yake, mabega yakaanza kutetemeka. "Ameshona mtoto ya huyu mzee. Yule kule, mwenye kofia."

Watu wote wakamgeukia baba. Alisimama kama aliyeitwa barazani kwa mkuu. Shangazi akamwambia, "Mzee, una kijana ana mkono," na Mama Zuena akamsogelea, akamnyooshea ukingo wa mkono wa gauni, ule upande mpana ulioning'inia. "Shika, Baba Gaspari. Shika uone."

Baba alinyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nyufa, vile vya mtu ambaye asubuhi ya jana alikuwa shambani, na vilipogusa tu hariri, nyuzi zikakwama kwenye ngozi yake, zikatoa kile kisauti kidogo cha kukwaruza. Akatoa mkono haraka kama ameungua. "Oya, oya, hapana," akasema. "Nitaiharibia." Akaangalia kiganja chake, halafu akaniangalia mimi. "Leta mikono yako."

Nikampa. Aliigeuza juu, akapitisha kidole gumba mahali ambapo zamani palikuwa na sugu za jembe. Palikuwa laini. Hakuna kitu. Alipapasa pale kwa muda, kama mtu anayetafuta sarafu gizani.

"Zimekwisha," akasema.

Wakapakua pilau. Baba alikula vizuri, aliongezewa, alimcheka mzee mmoja wa Muyinga aliyekuwa anasimulia habari za punda. Sikusikia neno lolote kuhusu mimi. Mapatano yalikuwa mapatano, na alikuwa amesema tutaongea, na hatujaongea, kwa hiyo nilikwenda chumba cha nyuma nikafunga kifurushi changu: suruali, shati, mkasi mdogo aliokuwa amenipa Mama Zuena. Nilifunga polepole. Nilipotoka nacho, benchi lilikuwa tupu na ukutani hapakuwa na kitu. Nikakimbia hadi langoni. Alikuwa ameshafika mbali, anashuka njia ya kwenda kwenye malori, jembe lake kwapani, kofia kichwani, mwendo uleule wa mtu anayewahi kazi.

Nikaita, "Baba!"

Akainua mkono mmoja bila kugeuka, akaendelea kushuka. Musinzira hakurudi tena kunichukua.